Lango la Dromana na nyumba za mabawabu wa milki za kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba ya bawabu ni nini hasa?

Ni nyumba ndogo iliyojengwa kando ya lango la milki ya shambani, pale ambapo njia ya kwenda kwenye jumba la mwenye milki inaachana na barabara ya watu wote. Ndani yake aliishi bawabu na familia yake, na kazi yao ilikuwa kufungua lango gari la farasi lilipofika, kulifunga lilipokwisha kupita, na kuwazuia wasiotakiwa. Katika nchi za Uingereza na Ireland nyumba za namna hii zilienea katika karne ya 18, na kufikia karne ya 19 ilikuwa vigumu kupata milki ya mtu mwenye uwezo isiyokuwa nayo. Milki kubwa zilikuwa nazo kadhaa, moja kwa kila njia ya kuingilia.

Isichanganywe na kibanda cha askari wa getini tunachokiona leo Dar es Salaam au Nairobi. Kibanda kile ni mahali pa zamu, na askari akimaliza zamu yake hurudi kwake. Nyumba ya bawabu ilikuwa makazi, tena mara nyingi ilikuwa sehemu ya ujira wenyewe: watoto walizaliwa humo, ugali wao wa shayiri ulipikwa humo, na nguo zilianikwa nyuma yake ili mgeni asizione. Hapo hapo ilitakiwa iwe pambo la kumvutia huyo mgeni. Mambo hayo mawili, kukaliwa na kutazamwa, yaligombana ndani ya kuta zake, na sehemu kubwa ya usanifu wake inaelezeka kwa ugomvi huo.

Kwa nini mfano uwe Dromana?

Kwa sababu ugomvi huo unaonekana pale bila kificho. Dromana ni milki ya kale iliyo juu ya mto Blackwater, katika kaunti ya Waterford, kusini mwa Ireland. Lango lake la upande wa kaskazini halipo karibu na jumba. Liko kwenye ncha ya daraja linalovuka mto mdogo wa Finisk, njiani kutoka mji wa Cappoquin kwenda kijiji cha Villierstown. Anayevuka daraja hilo, baada ya mashamba ya kijani, ng'ombe na mvua ya Ireland, hukutana ghafla na kuba ya shaba yenye umbo la kitunguu, iliyokwisha kugeuka kijani kwa kupigwa na hewa na maji, ikiwa imesimama juu ya tao kubwa lililochongoka, na minara myembamba ikiisindikiza pembeni. Upande wa kulia na wa kushoto wa tao kuna vijumba viwili vinavyofanana, vyenye madirisha yaliyochongoka kama ya kanisa. Mtu wa pwani yetu akioneshwa picha yake bila maelezo, jibu lake la kwanza huwa kwamba huo ni msikiti, na atauliza ni wa mji gani.

Ilikuwaje kitu cha namna hiyo kikajengwa Ireland?

Kisa chake kinaanza na harusi. Mwaka 1826 mwenye milki, Henry Villiers-Stuart, alimwoa Theresia Pauline Ott, mwanamke wa Vienna. Inasimuliwa kwamba wapangaji wa milki, wakitaka kuwapokea maharusi waliporudi kutoka fungate, walisimamisha lango la mbao na turubai, wakalipamba kwa karatasi zilizorowekwa na kugandishwa kwa gundi, likawa na umbo la majumba ya Mashariki kama yalivyofikiriwa na watu wa wakati ule. Maharusi walipendezwa nalo kiasi cha kuamua kwamba haifai kuliacha lioze kwa mvua, na baadaye likajengwa upya kwa vifaa vya kudumu.

Anayejua shughuli za harusi hatashangaa sana. Kwetu pia hujengwa banda la shughuli, hupambwa kwa makuti, vitambaa na taa, na kesho yake hubomolewa. Jambo la ajabu la Dromana ni kwamba banda la shughuli lilipewa ruhusa ya kuwa jengo.

Nani aliyelisanifu?

Jina linalohusishwa na lango la kudumu ni la Martin Day, msanifu majengo wa Ireland aliyewahi kufanya kazi nyingine katika milki hiyo hiyo. Mchoro wake wa lango ni wa mwaka 1849. Kwa hiyo kati ya harusi na mchoro imepita zaidi ya miaka 20, na maharusi walikuwa wameshakuwa watu wazima wenye watoto wakubwa. Katikati ya miaka hiyo Ireland ilipigwa na njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza shambani. Kila ninapoitazama tarehe ya mchoro ule, ni njaa ninayoikumbuka kabla ya harusi.

Je, mtindo wake ni wa Kihindi, wa Kiislamu au wa Kigothi?

Vitabu vya usanifu huliita lango la «Kihindu-Gothi», na jina hilo lina makosa yanayofundisha. Waingereza wa mwanzo wa karne ya 19 walitumia neno «Kihindu» kwa karibu kila kitu kilichotoka India, bila kujali kama ni hekalu, msikiti au kaburi la sultani. Kuba ya kitunguu na minara ya Dromana asili yake ni majengo ya Kiislamu ya enzi ya Wamughali, ukoo wa Waislamu uliotawala India, na hakuna ndani yake kitu ambacho Mhindu angekitambua kuwa ni cha dini yake. Madirisha yaliyochongoka, kwa upande mwingine, ni ya Kigothi, yaani ni ya makanisa ya Ulaya ya zama za kati. Sehemu hizo mbili ziliwezekana kuunganishwa kwa sababu tao lililochongoka linapatikana katika ujenzi wa pande zote mbili. Fundi hakuhitaji kubadilisha mkono alipotoka kwenye dirisha na kuingia kwenye tao la kati.

Wajenzi hao hawakuwa wamefika India. Umbo hili lilipita kwenye karatasi kwanza: michoro ya Thomas Daniell na mpwa wake William Daniell, waliozunguka India katika miaka ya 1780 na 1790 wakichora majengo, iliingia katika maktaba za matajiri wa Uingereza. Kutoka hapo likaja jumba la Sezincote, Gloucestershire, lililosanifiwa na Samuel Pepys Cockerell mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya ndugu yake aliyekuwa ametumikia Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki. Kisha likaja kasri la Brighton, ambalo John Nash alilibadilisha kati ya 1815 na 1822 kwa ajili ya mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme George IV, akazipandisha kuba zake juu ya mifupa ya chuma. Kasri hilo lilikuwa gumzo la nchi nzima wakati Villiers-Stuart alipokuwa kijana, na uhusiano wa lango la Dromana na Brighton hauhitaji kutafutwa kwa taa.

Sisi tunayo hadithi pacha, iliyokuja karne moja baadaye na kwa sababu nyingine. Huko Unguja, Mwingereza J. H. Sinclair alisanifu Beit al-Amani, jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja lililofunguliwa mwaka 1925, likiwa na kuba kubwa nyeupe. Pale pia Mzungu alichagua kuba kwa kuona kwamba ndivyo Mashariki ilivyo, ingawa nyumba za Mji Mkongwe wenyewe zina mapaa ya bati na ya bapa, na misikiti yake mingi ya kale haina kuba kabisa.

Kwa nini vijumba viwili, si kimoja?

Kwa ajili ya macho. Gari la farasi lilikuja katikati ya barabara, na abiria wake alitakiwa aone upande wa kulia ukijibu upande wa kushoto. Kijumba kimoja kingelifanya lango liwe kama uso wenye sikio moja. Usawa huo ulipendwa mno na wasanifu wa karne ya 18 waliofuata mifano ya Kirumi, na uliendelea hata pale ambapo mapambo ya Kirumi yalikwisha kuachwa.

Matokeo yake kwa wakazi yalikuwa ya kuchekesha kwa anayesikia na ya kuchosha kwa anayeishi nayo. Katika malango mengi ya vijumba viwili, bawabu alipewa vyote viwili, kila kimoja kikiwa na chumba kimoja au viwili vidogo. Jiko na meza vilikuwa upande huu, vitanda upande ule, na katikati ilipita njia ya magari ya tajiri. Mtoto akitaka kwenda kulala alivuka njia. Mvua ikinyesha aliivuka kwa mbio. Na mama aliyekuwa akinyonyesha upande wa vitanda kengele ilipolia, alitoka akiwa na mtoto begani. Moto uliwashwa mara mbili, mmoja kila upande, au upande mmoja ulilala na baridi.

Wasanifu wenyewe hawakuliona tatizo hilo?

Waliliona, na baadhi yao walilisema. John Claudius Loudon, Mskoti aliyeandika mengi kuhusu bustani na majengo ya vijijini, alitoa mwaka 1833 kitabu kikubwa chenye ramani za nyumba ndogo za kila aina, zikiwemo za mabawabu, na alisisitiza kwamba nyumba ya mfanyakazi lazima iwe kavu, iwe na hewa, na iwe na vyumba vya kutosha. Polepole desturi ikahamia kwenye nyumba moja ya upande mmoja, yenye dirisha la kutokeza nje ya ukuta ili aliyekaa ndani aione barabara pande zote mbili bila kuinuka. Dirisha hilo la kutokeza ndilo alama nzuri zaidi ya kuitambua nyumba ya bawabu hata pale ambapo lango lenyewe lilikwisha kuondolewa.

Dohani nazo zilileta shida. Mapishi yanahitaji dohani ndefu ili moshi upande, lakini hekalu dogo la Kirumi halina dohani, wala kuba ya Kimughali haina. Msanifu alizificha nyuma ya ukuta wa paa, akazifupisha, na familia ikala chakula chenye harufu ya moshi. Waliopenda mtindo wa Kitudori, ulioiga majengo ya Uingereza ya karne ya 16 na kuvuma katika karne ya 19, walitatua jambo hili kwa njia ya akili: dohani za enzi ya Kitudori ni ndefu na zimepambwa, kwa hiyo zilipoinuliwa juu zilikuwa ni pambo.

Bawabu alikuwa nani, na alilipwaje?

Mara nyingi kazi ya lango ilikuwa ya mke. Mume alikuwa mtunza bustani, mlinzi wa wanyama wa mawindo au fundi wa milki, akashinda mbali na nyumba, na mke ndiye aliyekimbilia lango. Wajane wa watumishi wa zamani pia walipewa nyumba hizi, kwa sababu kuzikalia kuliwapa mahali pa kuishi na tajiri akapata mtu wa kufungua lango kwa malipo kidogo. Ajira ikikoma, nyumba nayo ilikoma.

Malango mengine yalikuwa ya mitindo gani?

Orodha kamili ingejaza siku nzima, kwa maana lango lilikuwa mahali pa kujaribia. Mtu aliyeogopa kulijenga jumba lake lote kwa mtindo mpya aliujaribu kwanza getini, ambako gharama ilikuwa ndogo na kosa lingeweza kubomolewa.

William Kent, katika miaka ya 1740, alilijengea Badminton, milki ya mwenye cheo cha Duke wa Beaufort, lango liitwalo Worcester Lodge, ambalo juu ya tao lake kuna chumba cha kulia chenye dari iliyopambwa. Wenye milki walikula juu, na mabawabu walikaa chini pembeni. John Soane, katika miaka ya 1790, alifanya kinyume kabisa huko Tyringham, Buckinghamshire: lango zito, lililo tupu, karibu halina pambo, na kwa kweli ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halijidai kuwa kitu kingine. Mwaka 1801 milki ya Burghley, karibu na Stamford, ilijengewa na William Daniel Legg vijumba viwili vilivyoiga jumba lenyewe la enzi ya Elizabeth I, na watu wakavipachika jina la «chupa» kwa umbo lao. Pia kulikuwa na mtindo wa nyumba ya mkulima ya kuigiza, yenye paa la nyasi, nguzo za magogo yenye magome yake, na maua yakipanda ukutani, ambayo ilimfanya mgeni aamini kwamba maskini wa milki hii wanaishi kwa raha.

Ni kweli kuna mtu aliyejenga lango akakosa fedha za nyumba?

Hiyo ni habari ya Ballysaggartmore, karibu na mji wa Lismore, katika kaunti hiyo hiyo ya Waterford. Arthur Kiely-Ussher, katika miaka ya 1830, alijenga lango la Kigothi lenye minara, na mbele yake daraja jingine lenye minara mikubwa zaidi, kazi iliyosanifiwa na mtunza bustani wake, John Smith. Simulizi ya wenyeji inasema kwamba mke wake alilionea wivu kasri la shemeji yake la Strancally, akataka la kwake lilishinde. Fedha zikaishia kwenye lango na daraja, na kasri lenyewe halikujengwa kamwe, wakabaki katika nyumba yao ya kawaida. Kiely-Ussher anakumbukwa pia kwa kuwafukuza wapangaji wake katika miaka ya njaa. Leo minara yake iko msituni, na watu hupita kati yake wakiwa matembezini.

Na ile ndoa ya Dromana iliishaje?

Swali hili huulizwa na wanaopenda hadithi kuliko mawe, na jibu lake linastahili. Mwaka ule ule wa 1826 Villiers-Stuart alisimama katika uchaguzi wa Waterford akamshinda Lord George Beresford, wa ukoo uliozoea kiti hicho, kwa kura za wapangaji Wakatoliki walioungwa mkono na harakati za Daniel O'Connell, mtetezi wa haki za Wakatoliki wa Ireland. Mwaka 1839 alipewa cheo cha Lord Stuart de Decies. Alipofariki mwaka 1874, mwanawe Henry Windsor Villiers-Stuart, aliyejulikana kwa uchunguzi wake wa mambo ya kale ya Misri, alidai cheo cha baba, akashindwa, kwa kuwa hakuweza kuthibitisha kisheria ndoa ya wazazi wake. Ardhi aliirithi, cheo kilikufa na baba. Kwa hiyo lango lililojengwa kuikumbuka ndoa lilikuwa limesimama wazi, kwa mawe na shaba, likiitangaza kwa kila mpita njia ndoa ambayo karatasi zake hazikuridhisha.

Nyumba hizi zilianguka vipi?

Kwa Ireland, sheria za ardhi, hasa ile ya mwaka 1903, ziliwawezesha wapangaji kununua mashamba waliyoyalima, na milki zikapungua hadi kubaki na bustani na jumba. Baada ya hapo vikaja vita, kodi, na kuchomwa kwa majumba mengi kati ya 1919 na 1923. Gari la mota nalo lilichangia kwa namna yake: dereva aliweza kushuka na kufungua lango mwenyewe, na malango yaliyopimwa kwa upana wa gari la farasi yaligongwa na malori. Nyumba yenye vyumba viwili, isiyo na maji ya bomba wala choo cha ndani, haikumvutia mpangaji yeyote, hivyo iliachwa, mimea itambaayo ya porini ikaingia kupitia dohani.

Dromana iliokokaje?

Kufikia miaka ya 1960 lango lilikuwa katika hali mbaya. Chama cha Irish Georgian Society, kilichoanzishwa mwaka 1958 na Desmond na Mariga Guinness, kililikarabati mwishoni mwa muongo huo. Karibu na wakati huo huo, sehemu kubwa ya jumba la Dromana lenyewe, ile ya karne ya 18, ilibomolewa kwa sababu ilikuwa kubwa mno kutunzwa, ikabaki nyumba ya zamani zaidi iliyo juu ya ngome ya kale.

Ukarabati wa jengo la namna hii una ugumu wake. Shaba ya kuba ina umri mrefu, lakini mbao zinazoibeba zinaoza kimyakimya maji yakipenya kwenye kiungo kimoja tu, na minara myembamba iliyopakwa lipu hupasuka kila maji yanapoganda kwa baridi ndani ya nyufa. Fundi akitumia saruji badala ya chokaa, unyevu hufungiwa ndani ya ukuta na kuula mawe. Hili mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wanalijua vizuri bila kufika Ireland.

Kuna mtu anayeishi katika nyumba hizi leo?

Nyingine ni makazi ya kawaida, zikiwa zimeongezewa vyumba nyuma. Nyingine hukodishwa kwa wageni wa mapumziko: shirika la Landmark Trust la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1965, na la Irish Landmark Trust, la mwaka 1992, yamekarabati kadhaa, na mojawapo ni nyumba ya lango la Salterbridge, karibu na Cappoquin. Mgeni hulipa kulala usiku mbili katika chumba ambacho familia ya bawabu ilikiona kidogo mno.

Je, usanifu wa Waswahili una kitu kinacholingana na nyumba ya bawabu?

Kinacholingana kwa kazi ni daka, ile sehemu ya mbele ya nyumba za mawe za Lamu na kwingineko pwani, yenye viti vya mawe pande zote mbili, ambapo mgeni hukaribishwa na kupimwa kabla ya kuruhusiwa kuingia ndani. Tofauti ni kwamba katika daka mwenye nyumba hutoka mwenyewe kumpokea aliyepiga hodi. Katika milki ya Kiingereza mgeni alipimwa na mtumishi, umbali wa kilomita moja au mbili kutoka kwa mwenye nyumba, na huenda asimwone mwenyeji wake mpaka amepita bustani nzima.

Nikifika Dromana, nitazame nini?

Barabara ya umma sasa hupita chini ya tao lenyewe, kwa hiyo hakuna wa kukufungulia wala wa kukuzuia. Acha gari kabla ya daraja uvuke kwa miguu, kwa sababu lango lilipangwa litazamwe kwa mwendo wa farasi, na kuba huonekana ikiinuka kadiri unavyosogea. Ukiwa chini ya tao, geuka uangalie milango ya vijumba viwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, kisha uhesabu hatua kati yake. Ikiwa mvua inanyesha, ni vizuri zaidi.